Mashine ya Baridi ya Hedimasta

Mtu wa kwanza kuniambia kwa maandishi kwamba mimi ni mjinga alikuwa Hedimasta. Aliandika na kalamu nyekundu kwa ripoti yangu ya mwisho ya praimari: "Ana akili nyingi ambazo hatumii." Baba hajui kusoma. Jirani alimsomea, Baba akasikia "akili nyingi", hakungoja ile ingine, akachinja kuku. Mpaka leo sijamrekebisha.

Darasani tulikuwa watu arobaini na wawili. Mimi nilikuwa namba arobaini na moja, na yule wa arobaini na mbili alikuwa na malaria, hakufanya mtihani. Tangu siku hiyo Hedimasta hakuniita jina langu tena. Hata nilipokuwa mtu mzima na ndevu zangu tatu, na kibanda changu hapa Kondele, Kisumu, cha kutengeneza friji, alikuwa akipita anasimama mbele ya wateja na kuuliza kwa ile sauti ya paredi: "Arobaini na Moja! Kazi inaendaje?" Wateja wengine walidhani ni bei.

Nataka kueleza habari yake, na habari ya gari yake, maana huwezi kutaja mmoja ukaacha mwingine. Ilikuwa na mashine ya kuleta baridi ndani, na hiyo mashine ilipoharibika alikaa karibu miaka miwili akifikiria kama ataitengeneza ama ataiacha. Kondele nzima ilikuwa na maoni. Mimi nilikuwa na maoni mengi kuliko wote, na ni mimi niliyeiharibu. Lakini twende pole pole.

Kwanza ujue huyu hakuwa mtu wa kufikiria. Alikuwa mtu wa kukata. Ukichelewa shule, alitazama saa, akakutazama wewe, kwisha: fimbo tatu. Walimu wawili waligombana juu ya baiskeli moja, kila mtu anasema ni yake. Hedimasta alichukua baiskeli akampa wochimani. Siku upepo ulibeba mabati ya darasa la nne, watoto wanalia, walimu wanakimbia na mikono kichwani, yeye aliingia na chaki akasema, "Vizuri. Leo tutasoma habari ya upepo." Na tukasoma, mvua ikinyesha kwa kitabu.

Alikuwa na msemo wake: "Kufikiria sana ni ugonjwa wa mtu hakujitayarisha." Alisema hivyo akikupiga, ndiyo usisahau.

Kwa vitu vya shule alikuwa mkono mgumu. Chaki moja aliikata vipande vinne, na kile cha nne alikaa nacho mfukoni. Koti lake lilikuwa moja, la kijivu, hata mende wa ofisi walikuwa wanalijua. Halafu mtu huyo huyo ndiye alinunua gari iliyokuwa inakunywa petroli kama wageni wa arusi wanavyokunywa soda.

Ilikuwa stesheni wagoni ya Kimarekani. Injinia mmoja mzungu aliileta na meli, akakaa nayo akichimbia mabomba ya maji, halafu baada ya Uhuru akaenda kwao akaiacha. Ilikuwa ndefu vibaya. Pua ikifika dukani, mkia bado uko kanisani. Na kwa sababu ilitengenezwa kwa watu wanaoendesha upande mwingine wa barabara, usukani ulikuwa kushoto. Hapo ndipo shida. Hedimasta akiwa nyuma ya lori hangeweza kuona mbele kama ni salama. Lazima mtu akae kulia amwambie.

Huyo mtu alikuwa bibi yake wa ndoa, ambaye sote tulimwita Mama. Mama alikuwa mfupi, alikaa juu ya mto wa kitanda, anachungulia nje na kutoa amri: "Ngoja." "Ngoja nimesema." "Pita!" Hedimasta, mtu ambaye hata inspekta wa shule alimjibu akiwa amekaa, alitii kama mtoto wa darasa la kwanza. Akiambiwa pita, anapita. Sisi tulikuwa tunasimama kando ya barabara kusikia tu hiyo maajabu.

Sasa hiyo mashine ya baridi. Ilikuwa chini ya dashibodi, na matundu mengi kama kinanda cha mdomo. Unajua Kisumu mwezi wa pili, hata mbwa anatembea akitafuta kivuli cha mbwa mwingine. Basi Hedimasta anafunga madirisha, anabonyeza, na kitu inakupulizia baridi ya Limuru kwa goti. Wiki za kwanza watu walikuja kuonja. Wazee wa kanisa walipanda wanne wanne. Hiyo ilikuwa raha, na raha haidumu.

Kwetu mtu hazikwi mjini. Hata kama umeishi Kisumu miaka thelathini, ukifa unarudishwa nyumbani, unalala kwa boma yako. Wakati huo maiti ilipanda lori ya kukodi, kwa jua kali, na njia ya kwenda kwetu Bondo ni mawe na vumbi. Ilikuwa mbio. Si mbio ya magari, ni mbio na jua. Na mara nyingi jua lilishinda.

Chama cha watu wa kwetu kilikuwa na Cheyaman, mzee mmoja mwenye kofia, kazi yake kupanga hizo safari. Alipofiwa na kaka yake, Hedimasta alikata neno papo hapo: akatoa kiti cha nyuma, akamlaza marehemu, akafunga madirisha, akawasha baridi. Walifika Bondo na yule mtu alikuwa, kama walivyosema, "kama amekula akalala." Wamama walimsifu Hedimasta mpaka akaona haya.

Hiyo sifa ndiyo ilimmaliza. Tangu hapo kila kifo, Cheyaman yuko kwa geti, kofia mkononi: "Hedimasta, tumepatwa." Na Hedimasta hakuweza kukataa. Hakuchukua kitu kwa mtu. Alivaa lile koti, akatoa kiti, akaenda. Ilifika wakati kile kiti hakikurudi tena, kuku walitaga mayai juu yake nyuma ya nyumba.

Watu nao ni watu. Walianza kuogopa gari. Ikipita Kondele wanaume walivua kofia, hata kama imebeba sukuma wiki. Watoto walikimbia. Akisimama kukupa lifti, ulikumbuka ghafla kwamba daktari alikwambia utembee. Mimi mwenyewe aliniambia siku moja ya mvua, "Arobaini na Moja, ingia," nikamwambia napenda mvua. Nilipenda mvua mpaka nikalazwa na kifua.

Na Mama akashuka. Hakugombana, alishuka tu na mto wake. Alisema, "Hiyo baridi imepita kwa pua ya watu wengi." Jumapili baada ya kanisa alichukua kikapu akaenda soko ya Kibuye kwa miguu, na bwana yake nyuma, anaendesha pole pole kama mtu anachunga ng'ombe, kichwa nje ya dirisha.

"Mama, ingia."

"Nitaingia siku yangu ikifika."

"Jua ni kali, Mama."

"Hata kule ndani kuna baridi kali. Kila mtu na shida yake."

Kondele yote ilisikia. Na kwa sababu hakuwa na jicho la kulia tena, Hedimasta hangeweza kupita kitu yoyote. Siku moja alifuata trekta ya miwa kutoka Mamboleo mpaka Miwani, peke yake, madirisha yamefungwa, na hakuwa anaenda Miwani.

Hapo ndipo ninaingia mimi, na ningependa kuingia vizuri lakini haitawezekana.

Mashine ilianza kuchoka. Baridi ikawa kidogo. Hedimasta akaniita, kwa sababu kwa kibanda changu niliandika FUNDI WA BARIDI YA KILA AINA. Sasa, ufundi wangu wote ulikuwa hivi. Zile friji za mafuta ya taa zikikataa kuleta baridi, unazipindua kichwa chini, miguu juu, unaziacha mpaka kesho, unazisimamisha tena, na nyingi zinapona. Sijui kwa nini. Nilikuwa nawafukuza wateja wasione, halafu nachafua mikono na grisi ndiyo waamini. Nilikuwa na jina kubwa mpaka Bondo kwa kupindua vitu.

Nilizunguka gari ya Hedimasta mara tatu nikiipima. Nikaona huwezi kuipindua. Basi kwa sababu alikuwa amesimama hapo na lile koti, ilibidi nifanye kitu. Nikachukua spana nikalegeza nati moja, ile iliyokuwa inang'aa kuliko zingine.

Fssssss.

Ilipiga kelele muda mrefu. Kuku walikimbia. Ilipomaliza, nikakaza nati na kupangusa mikono.

"Ni nini hiyo?" Hedimasta akauliza.

"Hewa chafu. Ilikuwa imejaa hewa chafu. Sasa imepumua."

Alinitazama vile alivyokuwa akitazama hesabu yangu. "Imepumua."

"Ndiyo, Hedimasta."

"Haya."

Kesho yake mashine ilipuliza moto kama mdomo wa mtu ana homa. Nikamwambia imebaki spea moja, na hiyo spea iko Amerika. Nilidhani Amerika ni mbali ya kutosha.

Haikutosha. Cheyaman alijua fundi mmoja Kalasinga karibu na reli, fundi wa kweli, ambaye alisema ni kazi ya siku moja tu. Akaenda kwa Hedimasta na kofia yake. "Hedimasta, tumpelekee gari? Jua linakuja. Watu wetu watateseka."

Na Hedimasta, mtu wa kukata, akajibu kitu hakuna mtu alikuwa amesikia kwa mdomo wake:

"Ninafikiria."

Mwezi ukaisha, anafikiria, maiti zikarudi kwa lori. Mwaka ukaisha, anafikiria. Watu walisema amekuwa mchoyo. Wengine walisema amezeeka. Na nani alikuwa anasema kwa sauti kubwa kuliko wote? Mimi. Nilivaa gunia kama koti, nikatembea mbele ya kibanda nikishika kidevu: "Ninafikiriaaa." Watu walicheka mpaka wakashika ukuta. Nikiulizwa, "Wewe fundi, hiyo gari ni mgonjwa nini?" nilisema, "Gari haina ugonjwa, ni mwenyewe ana ugonjwa wa mtu hakujitayarisha." Walipiga makofi. Mwizi mzuri ni yule anayeongoza watu kutafuta mwizi.

Lakini kulikuwa na kitu sikukiona, na kilikuwa kinapita mbele yangu kila Jumapili. Madirisha ya gari yalikuwa wazi sasa. Kiti cha nyuma kilirudi, kimepanguswa mavi ya kuku. Na upande wa kulia, juu ya mto, Mama. Kikapu kwa magoti, mkono nje. "Ngoja. Ngoja. Pita!" Siku moja walinipita hapo kona, na Hedimasta alikuwa anacheka. Yawa, nilishangaa. Kwa miaka yote ya shule sikujua ana meno.

Niliwatazama wakienda, nikarudi ndani kupindua friji. Akili nyingi ambazo hatumii.

Halafu nyanya yangu akafa.

Alikuwa amekuja Kisumu kutibiwa macho, anakaa kwangu. Alikufa asubuhi mwezi wa pili, jua la kupasua mawe. Cheyaman alienda kwa Hedimasta, na hakukuwa na kufikiria hapo, gari ilifika kabla sijavaa viatu. Tulinunua barafu kwa watu wa samaki, tukaifunga kwa magunia, tukampanga nyanya katikati. Mimi nilikaa kulia kuwa jicho.

Tulipoingia njia ya vumbi barafu ilikuwa imeshakuwa maji, inatiririka nyuma kama tunanyunyizia barabara. Tukafunga madirisha, joto likatushinda. Tukafungua, vumbi likaingia lote, nyekundu, mpaka sikuona usukani. Nilipaswa kusema ngoja ama pita. Nilikuwa nalia, sikusema chochote. Hedimasta alifuata lori moja ya mahindi njia yote, na vumbi yake yote tukala, sisi na nyanya.

Tulipofika, shangazi yangu alifunua shuka akauliza, "Nani amempaka mama udongo?" Nyanya alikuwa mwekundu kama tofali. Na harufu, tuiache. Walimwosha tena haraka haraka, na wale walikuja kumwaga machozi usoni kwake waliambiwa wamwage mlangoni.

Hakuna mtu alilaumu. Shangazi alinishika mkono akasema, "Asante. Najua wewe fundi ulijaribu yote." Hedimasta alikuwa amesimama hapo hapo, koti limekuwa jekundu. Hakunitazama. Ningetaka anitazame.

Nilifunga kibanda wiki hiyo. Nilienda Nakuru kwa fundi anayejua, nikakaa karibu mwaka nikibeba boksi lake. Jambo la kwanza alinifundisha: "Baridi ni gesi. Ukisikia fsss, umeshamaliza kazi ya mtu." Nikamwambia hiyo najua tayari, nilisoma peke yangu.

Niliporudi, Hedimasta alikuwa amestaafu. Nilimkuta Jumamosi moja nyuma ya nyumba, anaosha gari, na lile koti liko kwa kamba. Kichwa kimekuwa cheupe. Nilikuwa na mtungi wa gesi na spana zangu, na hotuba ndefu niliyoitunga njiani. Hotuba ilipotea yote. Nikasema tu:

"Hedimasta, ile siku haikuwa hewa chafu."

Aliendelea kuosha. "Nilifundisha sayansi miaka ishirini, Arobaini na Moja. Wewe ulikuwa dirishani unaangalia ndege."

"Ulijua?"

"Ulipokaza nati nilikuwa nimeshajua."

"Na watu walikuita mchoyo! Mimi nilikuita mchoyo!"

"Nilikuona na gunia lako. Koti langu halina mkia namna ile." Akakamua kitambaa. "Ningesema nini? Nilishindwa kumwambia Cheyaman hapana. Mtu amefiwa, utamwambia hapana? Wewe na ujinga wako ulinisemea. Na huyu akarudi kwa gari." Alionyesha jikoni na kidevu. "Kisha nikabeba nyanya yako namna ile. Tangu siku hiyo silali. Nikitengeneza, Mama anashuka. Nikiacha, watu wetu wanafika nyumbani kama udongo. Nimefikiria mpaka nimechoka."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. Sijui tangu saa ngapi.

"Hujachoka wewe," akasema. "Ungechoka ungeniuliza."

Hedimasta aliacha kitambaa.

"Nimenyamaza kwa sababu ilikuwa inanifaa," Mama akasema. "Lakini niliona hiyo gari iliporudi Bondo. Mimi ndiye niliosha yale magunia. Yule nyanya alikuwa mtu kama mimi." Akanigeukia. "Kijana, safari hii unajua ama unapindua?"

"Najua, Mama."

"Tengeneza. Mimi pia nitalala hapo nyuma siku moja, na sitaki kufika kwa mama mkwe nikiwa mchafu. Alinisema vya kutosha akiwa hai."

Hedimasta aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto amesahau kitabu nyumbani: "Na Kibuye?"

Mama aliingia ndani na sufuria yake.

Nilifanya kazi Jumamosi hiyo nzima, na Hedimasta juu ya kichwa changu akinishikia spana, anasahihisha hata vile napumua. Tulitoa kiti cha nyuma tena. Kila mara nilipolegeza nati alisema "pole pole", na kuku wote walijitenga, hata wao walikumbuka.

Jumapili baada ya kanisa tuliwasha injini. Hedimasta kwa usukani, mimi nyuma, nimekaa chini pale tulipotoa kiti, na spana kwa magoti, nisikilize kama kuna fsss. Kulia hakukuwa na mtu. Hedimasta hakutazama kulia. Alitazama mbele tu.

Mlango wa nyumba ukafunguka, Mama akatoka na kikapu, na mto, na amevaa sweta. Sweta ya Hedimasta ya shule, ile nzito ya bluu, mikono imekunjwa mara tatu. Jua linapasua mawe, majirani wanacheka wazi wazi, mmoja anauliza, "Mama, unaenda Ulaya?"

"Naenda Kibuye," akasema. Akapanga mto, akakaa, akapandisha dirisha mpaka juu. "Washa."

Hedimasta akabonyeza. Ikatoka hewa ya moto. Niliomba Mungu kwa lugha zote ninazojua, hata ile ya darasani. Ikatoka moto, ikatoka vuguvugu, halafu ikatoka baridi. Baridi kweli, ile ya goti. Mama alifunga vifungo vya sweta kimoja kimoja mpaka shingoni.

Gari ikatoka getini. Pale kona Mama akageuka nyuma, akatazama ile nafasi yote tuliyokuwa tunalaza watu, kutoka mlango mpaka mlango, polepole kama mtu ameingia kwa nyumba ya wageni wengi. Akainamisha kichwa.

"Amosou," akasema. Nawasalimu nyote.

Nikaona si vizuri salamu ya mtu mzima ikose jibu.

"Salama, Mama," nikasema.

"Si wewe."

Mbele yetu kulikuwa na mkokoteni wa makaa, umejaa njia. Mama akarudi kwa kiti chake, akasogea kwa dirisha, akachungulia kulia.

"Ngoja," akamwambia mzee wake. "Ngoja. Haya, pita."